CDA ilivunjwa, mishahara ikahamia jirani

KWA zaidi ya miaka 40, mkazi wa Dodoma aliyetaka kujenga nyumba alikuwa na wakubwa wawili. Wa kwanza ni Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyoundwa mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie hapa kutoka Dar es Salaam. Wa pili ni halmashauri, yenye madiwani waliochaguliwa na wananchi. Madiwani walikuwa na wapigakura. CDA ilikuwa na ardhi.

Kero ilianzia hapo. CDA ndiyo iliyokuwa mmiliki mkuu wa ardhi ya makao makuu, nayo iliwapangisha wananchi kwa hati za miaka 33. Mwenye kiwanja Arusha au Mwanza angeweza kupata hati ya miaka 99, wakati mwenzake wa Dodoma alibaki mpangaji wa mamlaka. Kadiri miaka ya hati inavyopungua, ndivyo thamani yake inavyoshuka mbele ya benki, na ndivyo mwenye nyumba anavyosita kuongeza hata chumba kimoja. Gharama hiyo haikuandikwa katika risiti yoyote.

Ni kweli kwamba mpango mkuu wa mji wa mwaka 1976, uliotayarishwa na wataalamu wa Canada, ulihitaji msimamizi. Lakini serikali yenyewe ilichelewa kuhama kwa miongo minne, na chombo kilichoundwa kujenga mji mkuu kikajulikana zaidi kwa viwanja na bomoabomoa.

Mei 15, 2017, Rais John Magufuli alitia saini hati ya kuivunja CDA. Majukumu, mali na watumishi wake vilihamishiwa Manispaa ya Dodoma, ambayo Aprili 26, 2018 ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Aliagiza pia hati za miaka 33 zibadilishwe kuwa za miaka 99.

Siku 17 kabla ya hapo, katika mji huohuo, alikuwa amekabidhiwa majina ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Mambo hayo mawili hayafanani, ingawa yote yalishangiliwa. Mwenye cheti bandia akiondoka, mshahara wake unabaki Hazina, angalau hadi nafasi yake ijazwe. Ofisi ikivunjwa na watumishi wake wakahamia ya jirani, mishahara inaendelea. Kilichopungua ni mlango mmoja wa kubisha.

Mishahara yenyewe imepanda. Mei 1, 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Ni ongezeko la asilimia 35.1, na ni vigumu kumwonea wivu karani anayelipwa kiasi hicho, kwani ndiye anayeshika faili la kiwanja chako. Mwenye kiwanja, ambaye kodi yake inachangia mshahara huo, ana haki ya kuuliza faili litakaa mezani siku ngapi.