Hemloki: Mti Usiotaka Kupendwa kwa Pupa

Mwezi Februari, mwenye hemloki bustanini mwake mashariki ya Marekani hana budi kugeuza matawi ya chini na kuyakagua. Majani ya mti huu ni mafupi na bapa, ya sentimita moja hadi mbili, na kila jani lina mistari miwili myeupe upande wa chini. Hiyo ni mistari ya kawaida. La kushtua ni vidonge vyeupe kama pamba vilivyojipanga pale jani linaposhikana na kijiti.

Ndani ya kila kidonge kuna mdudu asiyefika milimita 2, ambaye wanasayansi humwita Adelges tsugae, jamaa wa karibu wa vidukari. Aliingia kutoka Japani, na mashariki ya Marekani aliripotiwa mara ya kwanza karibu na Richmond, Virginia, mwaka 1951. Huko wote ni majike. Wanataga bila kuhitaji dume. Kiangazi hulala, kisha huamka majira ya baridi na kufyonza akiba ya chakula ambayo mti ungeitumia kuchipua. Mti ukikosa machipukizi mapya, majani hupukutika. Hemloki inayoweza kuishi zaidi ya miaka 500 huweza kufa kati ya miaka 4 na 10 tangu kuvamiwa. Ni hasara inayouma.

Ndiyo maana utunzaji wake huanzia ardhini, kabla ya dawa. Mizizi ya hemloki haiendi chini sana, kwa hiyo ukame huiumiza upesi, hata mti ukiwa mkubwa. Upande penye udongo wenye tindikali kidogo, unaohifadhi unyevu bila kutuamisha maji. Tandaza majani makavu au maganda ya miti juu ya mizizi, ila yasigusane na shina. Kivuli hakiusumbui, na unavumilia kukatwa, hivyo hufaa sana kwa ua.

Hapa ndipo wengi wenye nia njema huuponza mti. Wakiona umenyong'onyea, huumwagia mbolea ya naitrojeni. Mti uliovamiwa ukilishwa hivyo, anayenawiri zaidi ni mdudu. Vivyo hivyo, ukining'iniza chakula cha ndege kwenye matawi yake majira ya machipuko, unawakaribisha wabebaji: vitoto vya mdudu hutambaa wakati huo na kushika miguu na manyoya ya ndege.

Mti mdogo unaweza kunyunyiziwa mafuta maalumu ya bustani, yanayomziba mdudu pumzi, mradi yafike kila kijiti. Kwa mti mkubwa hutumika dawa ya imidaklopridi, inayomwagwa kwenye udongo kuzunguka shina ili mizizi iivute. Kinga yake hudumu miaka kadhaa, lakini isimwagwe kandokando ya kijito wala penye maua yanayotembelewa na nyuki. Misituni, watafiti wanaachia pia mbawakawa wadogo, Laricobius nigrinus, kutoka magharibi ya bara la Amerika Kaskazini, wamle mdudu huyu.

Dawa ya udongoni husafiri na maji ya mti. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia kwanza. Na usingoje mti ubaki vijiti: uliopoteza majani mengi hauna tena nguvu ya kuivuta dawa hadi juu.