Kioo cha Mbele cha Gari la Zamani Kinapopata Ufa

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" hutumiwa sana katika mikutano ya vyama. Kwa kioo cha mbele cha gari methali hiyo ni kweli kupita kiasi, kwa maana ufa wa kioo haungoji. Leo huwa na urefu wa kidole. Baada ya safari moja ya barabara mbovu hufika upande wa pili.

Vipo vyama vya msingi ambavyo bado hutegemea gari la zamani, kama vile Land Rover ya mtindo uliokoma kutengenezwa mwaka 1985, au Peugeot 504 iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968. Gari la namna hiyo likisimama wakati wa mavuno, mazao hukaa ghalani na fedha za wakulima huchelewa. Kwa hiyo yafaa katibu na halmashauri wajue mambo yafuatayo kabla ya kuidhinisha malipo yoyote.

Aina mbili za vioo

Aina ya kwanza ni kioo cha mabamba mawili yaliyogandishwa pamoja, na katikati yake umo utando mwembamba wa plastiki. Asili ya kioo hiki ni mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus. Husimuliwa kwamba mwaka 1903 aliangusha chupa ikavunjika bila kutawanyika, kwa sababu ndani yake ulikuwamo utando wa dawa iliyokauka. Alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1909. Kioo hiki kikipigwa hupasuka, lakini vipande hushikwa na ule utando.

Aina ya pili ni bamba moja lililopashwa moto mkali kisha likapozwa ghafla kwa upepo. Kioo hiki ni kigumu, bali kikishindwa huvunjika chote kwa mara moja na kuwa punje nyingi ndogo, na dereva haoni kitu mbele yake. Magari mengi ya zamani ya Kiingereza yalitoka kiwandani yakiwa na kioo cha aina hii.

Kuzitambua si kazi ngumu. Pembeni mwa kioo huwa kuna alama iliyochorwa: neno LAMINATED ni aina ya kwanza, na TOUGHENED ni aina ya pili. Jina la Triplex peke yake halitoshi, kwa kuwa lilitiwa katika aina zote mbili. Tena, kioo chenye ufa mmoja mrefu ambacho bado kimesimama ni dhahiri kuwa ni cha mabamba mawili. Cha aina ya pili kingekwisha kumwagika.

Siku ufa unapoonekana

Dereva aandike katika kitabu cha gari siku, mahali na chanzo, kama anakijua. Abandike mkanda mwembamba unaopenya nuru juu ya jeraha, ili maji na vumbi visiingie. Asimwagie kioo maji baridi kikiwa kimechomwa na jua, wala asibamize milango, kwani joto, baridi na mtikisiko ndivyo virefushavyo ufa.

Jeraha dogo la kokoto, lisilozidi ukubwa wa sarafu, laweza kuzibwa na fundi kwa gundi maalumu, mradi kioo ni cha mabamba mawili na jeraha haliko mbele ya macho ya dereva. Gundi hiyo hairudishi upya wa kioo. Kazi yake ni kuuzuia ufa usiendelee. Kioo cha aina ya pili hakizibwi kamwe.

Ufa ukiwa mbele ya macho ya dereva, au ukiwa umefika ukingoni, kioo kibadilishwe. Usiku taa za gari lijalo zikipiga ufa huo, mwanga hutawanyika na mtembea kwa miguu hupotea machoni.

Kupata kioo kingine

Hapa ndipo vyama huingia hasarani. Huweza kutokea fundi akashauri kukata kioo cha dirisha la nyumba, kwa kuwa ni rahisi na kinapatikana dukani. Ushauri huo ukataliwe. Kioo cha dirisha huvunjika vipande virefu vikali kama visu, na mbele yake wameketi dereva na mwanachama aliyepewa lifti. Hakuna akiba ya fedha inayolipia jicho la mtu.

Land Rover za zamani zilizotajwa zina vioo viwili bapa mbele. Jambo hili ni neema, kwa sababu fundi wa vioo anaweza kuvikata kutoka bamba kubwa la aina ya kwanza kwa kufuata kipimo cha kile cha zamani. Kioo cha aina ya pili hakikatiki baada ya kutengenezwa. Kioo cha Peugeot 504 kimepinda. Hicho sharti kinunuliwe kikiwa tayari. Kikitolewa katika gari bovu, kikaguliwe juani: kisiwe na mikwaruzo ya vifuta mvua, wala weupe kama maziwa kwenye kingo, ambao ni dalili kwamba maji yameingia kati ya mabamba.

Chanzo kitafutwe

Ufa ulioanzia ukingoni bila alama ya kokoto haukuletwa na barabara peke yake. Mara nyingi kutu imevimba katika fremu na inakibana kioo, au fremu yenyewe imepinda. Kioo kipya kikitiwa humo nacho kitapasuka. Fundi akwangue kutu hadi chuma kionekane, apake rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke. Mpira wa kioo uliokauka na kupasuka ubadilishwe pamoja na kioo, maana gharama yake ni ndogo kuliko kioo cha pili. Katika magari yanayotumia mpira, kamba hupitishwa ndani ya mfereji wake, hupakwa maji ya sabuni, kisha mtu mmoja huivuta kutoka ndani huku mwenzake akikisukuma kioo taratibu kutoka nje. Petroli isitumiwe kulainisha, kwa kuwa huharibu mpira.

Wajibu wa halmashauri

Katibu asome hati ya bima kwanza. Bima kamili huweza kulipia kioo kwa kiasi kilichotajwa, lakini bima ya kulinda watu wengine tu hailipi. Kisha zitafutwe bei za mafundi wasiopungua watatu, zikitaja aina ya kioo kwa maandishi, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za kikao. Stakabadhi itaje kioo, mpira na ufundi mbalimbali. Kabla ya kulipa, katibu mwenyewe aende asome alama ya pembeni.

Dereva asikatwe mshahara kabla ya uchunguzi. Kokoto iliyorushwa na lori si kosa lake. Kuficha ufa kwa majuma matatu ni kosa. Dereva aadhibiwaye kwa kusema ukweli, safari ijayo atanyamaza, na chama kitaujua ufa siku kioo kitakapoanguka.