Usibebe kesi ya WhatsApp kortini kabla hujaifuata hadi mwisho

Tuseme umeamka asubuhi Kawangware, unatoka nje kupiga mswaki, na hapo kwenye ukuta wa keja yenu unaona X kubwa nyekundu. Hakuna barua, hakuna maelezo. Kufikia saa nne, grupu ya WhatsApp ya ploti imechacha. Mmoja anasema muende kwa chifu, mwingine ameshaanza kufunga vyombo. Halafu kuna yule msee mjuaji, kila ploti huwa naye, anatuma picha ya karatasi na kuandika: "Watu wa Mitumba walishinda na hii. Tuibebe kortini."

Chini ya karatasi kuna maneno haya: Mitu-Bell Welfare Society v Attorney General & 2 others [2013] eKLR.

Utafanya nini nayo? Wengi wetu tungekimbia saiba, tuiprinti, halafu tuingie kortini tukiwa tumetoa kifua. Ngoja kwanza.

Kesi hiyo ni ya kweli, na inatuhusu. Mitumba kilikuwa kijiji cha mabanda karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, si mbali na Kibera. Novemba 2011 matingatinga yalikibomoa licha ya amri ya mahakama. Aprili 2013, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa haki za wakazi zilikiukwa. Kwa hivyo karatasi ya yule msee haidanganyi. Shida yake ni kwamba imeishia katikati ya hadithi.

Julai 2016, Mahakama ya Rufaa ilifuta uamuzi huo. Ungeingia kortini 2017 ukiwa umeshikilia karatasi ya 2013, wakili wa upande wa pili angesimama dakika mbili tu na wewe ungeachwa kwenye mataa. Halafu Januari 11, 2021, Mahakama ya Upeo, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, ikageuza mambo tena. Ilisema kwamba watu wasio na ardhi wakikaa kwenye ardhi ya umma na kujenga makao yao hapo, hawapati umiliki wa ardhi hiyo, lakini wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili iamue wakazi wapewe nafuu gani.

Kesi moja, mahakama tatu, majibu matatu. Mtu wa ploti atajuaje amesimamia jibu lipi?

Kila hukumu ina anwani yake

Uamuzi wa 2021 unaandikwa hivi: [2021] KESC 34 (KLR). Isome kama anwani ya nyumba. 2021 ni mwaka. KE ni Kenya, na SC ni Mahakama ya Upeo. 34 ni nambari ya uamuzi. KLR ni ripoti za sheria za Kenya. Ukiona KECA, hiyo ni Mahakama ya Rufaa. KEHC ni Mahakama Kuu, na KEELC ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo kesi nyingi za mashamba na ploti huishia.

Hapo ndipo kompyuta inaingia. Kenya Law, taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya 1994, huweka hukumu kwenye tovuti ya kenyalaw.org, na kusoma ni bure. Jukwaa lake jipya limejengwa kwa programu huria ya Laws.Africa, shirika la Afrika Kusini. Programu hiyo haijui sheria hata kidogo. Inachojua ni umbo. Inapitia hukumu ikitafuta mabano ya mraba, tarakimu nne ndani yake, herufi zinazoanza na KE, nambari, halafu KLR. Ikipata, inakata vipande na kuvipanga upya: ke/judgment/kesc/2021/34. Hiyo sasa ni linki. Ukiibonyeza, hukumu inafunguka.

Mwanzoni mwa linki hizo utaona herufi akn. Ni kifupi cha Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan cha Ghana yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Ni mfumo wa kuandika nyaraka za bunge na sheria ulioanzishwa chini ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, na leo unatumika hata nje ya bara hili.

Kila linki inapopatikana, hifadhidata inaandika kitu kifupi tu: hukumu hii imetaja ile. Ukishakuwa na orodha hiyo unaweza kuisoma pande mbili. Ukirudi nyuma, unaona jaji alitegemea kesi gani. Ukienda mbele, unaona nani alikuja baadaye akaitaja hii. Upande huo wa pili ndio ungekuokoa na karatasi ya 2013.

Mahali mashine hukwama

Sasa rudia ile karatasi. Inasema [2013] eKLR. Nambari iko wapi? Haiko. Mwaka huo una maelfu ya hukumu zilizoandikwa hivyo hivyo. Ni kama kuambia mtu wa nduthi akupeleke Kibera kwa Mama Otieno. Atakuuliza, yupi?

Kwa hivyo mashine inabidi itegemee majina ya wahusika, na majina hayatulii. Mahakama Kuu kesi yetu ilikuwa Mitu-Bell dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kwenye rufaa ikawa Kenya Airports Authority dhidi ya Mitu-Bell. Mahakama ya Upeo ikageuka tena, Mitu-Bell dhidi ya Kenya Airports Authority. Ukitafuta kwa jina la kwanza pekee, ule uamuzi wa katikati utakupita, na ndio uliokuwa umekumaliza.

Za zamani ni ngumu zaidi. Karibu kila ombi la kuzuia ubomoaji hutaja Giella v Cassman Brown [1973] EA 358, yaani ukurasa wa 358 wa ripoti za sheria za Afrika Mashariki. Ndiyo inayokudai uonyeshe kwamba kesi yako ina mashiko, kwamba utaumia kwa namna ambayo pesa haziwezi kulipa, na jaji akibaki na shaka, apime nani ataumia zaidi. Nyaraka za enzi hizo ziliskaniwa, na skana ikisoma tarakimu 1 kama herufi l, umbo linaharibika na linki haipatikani.

Kuna jambo kubwa kuliko hayo. Mashine inajua A imetaja B. Haijui kama A imesifu B au imeizika. Hiyo kazi ni yako.

Fanya hivi

Tafuta kesi kwenye kenyalaw.org kwa majina ya pande zote mbili. Ukiifungua, angalia orodha ya hukumu zilizoitaja, uanze na za mahakama ya juu na za karibuni. Hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, so tafuta ndani maneno kama "set aside" na "overturned". Ukiyapata, soma aya nzima. Usisome mstari mmoja na kufunga.

Angalia pia kama hali yenu inafanana. Mitu-Bell inahusu ardhi ya umma. Kama ploti ni ya landlodi, huenda haikufai. Lakini Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya angalau miezi 3 kabla ya kufurusha watu walio kwenye ardhi bila idhini, iwe ya umma au ya mtu binafsi. X ya rangi peke yake si notisi hiyo.

Na kama kesi umepewa na roboti wa simu, kuwa makini mara mbili. Mwaka 2023 mawakili wawili New York walipeleka kortini kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezitunga. Wao na kampuni yao wakatozwa faini ya dola 5,000. Majina yalisikika sawa, nambari zilikaa sawa, lakini hakuna aliyejaribu kuzifungua kwanza. Rejeleo lisilofunguka popote usilibebe.

Ukikwama, tafuta msaidizi wa kisheria wa mtaa, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtambua, au uende Kituo cha Sheria, ambacho kimesaidia wasio na uwezo tangu 1973. Utafika ukiwa na swali lililonyooka, na hilo litawaokolea nyote muda.

Halafu urudi kwenye grupu. Usimchekelee yule msee, alijaribu. Mjibu tu kwa linki ya hukumu ya 2021, kila mtu wa ploti aifungue ajisomee.