Ukipeleka batoto kwa Wagenia
Bandugu, si lazima kupanda ndege mpaka visiwa vya Vanuatu ili batoto baone desturi za zamani. Kutoka kwetu Banalia, kilometa 128 na uko Kisangani, kwa Wagenia, kwenye maporomoko ya Boyoma. Miti mirefu imesimamishwa ndani ya matundu ya mawe; vikapu vikubwa vinafungwa pale, vinashushwa penye maji makali. Samaki akiingia, maji yanamusukuma, hawezi kurudi.

Kila nafasi ya mtego iko na familia yake. Njo sababu unaomba ruhusa kwanza, na munapatana bei mbele ya kupanda mtumbwi. Mimi nilipiga picha bila kuuliza. Muvuvi mmoja akaniambia: «Shamba yako, naingiaka hivi?» Agronomu mzima, nilikosa jibu. Mtoto wangu njo aliomba musamaha.