Je, Wajua? Mzazi Akisharudi Nyumbani

Je, wajua kwamba mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza siku 28? Takriban robo tatu ya vifo vya watoto wa umri huo hutokea wiki ya kwanza. Vijijini, hiyo ndiyo wiki ambayo mzazi ameshapanda bodaboda akarudi kwake, mbali na zahanati.

Je, wajua mama aliyejifungua salama hospitalini au kwenye kituo cha afya anapaswa kubaki hapo angalau saa 24? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka pia yeye na mtoto waonwe mara tatu zaidi: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Hudhurio la siku ya tatu ndilo gumu. Mama bado anatoka damu, nyonga zinamuuma, na njia ni ya makorongo. Muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii ndiye anayepaswa kumfuata, si yeye kujikokota kwenda kupanga foleni.

Je, wajua kifafa cha mimba kinaweza kumshika mama hata baada ya kujifungua, hasa katika saa 48 za kwanza? Kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu, msimwambie alale apumzike. Apelekwe kituoni wakati huohuo.

Wazee wa pwani huhesabu arobaini, na wakunga huhesabu siku 42. Hesabu zinakaribiana, na mimi nawashukuru bibi zetu kwa kumkataza mzazi kushika jembe na kuchota maji. Uji wa pilipili manga, mtori wa Uchagani, vyote apewe ale ashibe. Ila maji ya moto mno ya kumkanda tumbo humuunguza. Kinachokaza mji wa mimba ni mtoto kunyonya: mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini, mji wa mimba unajikaza na damu inapungua. Basi mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja tangu azaliwe, na yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo yasikamuliwe yakamwagwa. Yana kinga.

Kitovu? Kiachwe kisafi na kikavu. Bila majivu, bila samadi, bila mate. Pepopunda ya watoto wachanga, inayoweza kuingia kwa kitovu kichafu, imedhibitiwa hadi kuthibitishwa kuwa si tishio tena la afya ya jamii: Uganda 2011, Tanzania 2012, Kenya 2018. Chanjo kwa mama na usafi wakati wa kuzalisha ndivyo vilivyotufikisha hapo.

Je, wajua urefu wa unyayo unaweza kumtambulisha mtoto njiti pasipo mizani? Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2010 ulionyesha kwamba unyayo usiofika sentimita 8 ni ishara kuwa huenda mtoto ana uzito chini ya kilo 2.5. Rula tu, mikononi mwa mhudumu wa kijiji.

Na akiwa mdogo hivyo, abebwe kifuani. Njia hiyo, iitwayo ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto njiti. Mtoto huvishwa kofia, soksi na nepi pekee, akawekwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue, kisha kanga ikafungwa ikakaza. Baba naye anaweza kumpokea mama. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotangazwa 2021, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali ya mtoto itulie, kulipunguza vifo kwa robo.

Je, wajua kwamba huko Gadchiroli, India, madaktari Abhay na Rani Bang waliwafundisha wanawake wa vijijini kuwatembelea wazazi majumbani, kumpima mtoto joto na uzito na kutibu maambukizi? Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 62. Huko Pakistan, wahudumu wa jamii waliofundishwa kuzungumza na akina mama wenye sonona walipunguza tatizo hilo kwa zaidi ya nusu. Matokeo yalitoka 2008. Anayelia kila siku na hataki kumshika mwanawe ni mgonjwa. Si mvivu, wala hajarogwa.

Kwa walio Tanzania: mfumo wa m-mama humsafirisha bure mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliyepata dharura, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa jamii. Namba ni 115, na kupiga ni bure. Iandikwe kwenye jalada la kadi ya kliniki, kwa kalamu isiyofutika.