Vitani Ndiko Kwake

Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa anga wa Italia walitua Kindu, Kongo, kwa ndege mbili, wakiwaletea mahitaji walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaya. Walikamatwa na askari walioasi, wakauawa. Jina la mji huu wa kando ya mto Lualaba likaenea dunia nzima. Enzi hizo, ukimtaja mwandishi wa habari za vita Kongo, watu walimfikiria Mzungu mwenye kamera shingoni ambaye kazi ikiisha hupanda ndege akarudi kwao.

Siku hizi habari nyingi za vita vya mashariki mwa Kongo huanza kwa Mkongo wa redio, na yeye hana kwingine pa kurudi.

Tuseme kijiji kimeshambuliwa kule Kabambare, zaidi ya kilomita 250 kutoka Kindu. Barabara ni mbovu, simu nazo hukatika. Mwandishi anamtafuta muuguzi, kisha mwalimu, kisha chifu. Huyu anasema wamekufa watatu, yule anasema kumi. Wakati bado anauliza, WhatsApp imeshajaa picha za maiti ambazo pengine ni za nchi nyingine kabisa. Wasikilizaji wanataka jibu sasa hivi, maana wapo wenye ndugu huko. Akitangaza uongo, watu watakimbia bure usiku, na watoto wao mgongoni. Akichelewa na ukweli, huenda wakakutwa vitandani.

Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Kueleweka na watu wengi ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye hatari. Mwenye bunduki naye husikiliza. Sauti anaijua, na nyumba si kazi kuiulizia.

Serge Maheshe, mhariri wa redio hiyo mjini Bukavu, alipigwa risasi jioni ya 13 Juni 2007, akitaka kupanda gari lenye alama za Umoja wa Mataifa. Mwenzake, Didace Namujimbo, aliuawa karibu na kwake tarehe 21 Novemba 2008. Edmond Bahati wa Radio Maria, aliyekuwa akichunguza makundi yenye silaha, aliuawa Goma Septemba 2024. Wote watatu waliuawa mjini, katika mitaa waliyoizoea, si kwenye mahandaki.

Upande wa serikali nako hakuna nafuu. Januari 2025 waziri wa sheria alitishia adhabu ya kifo kwa watakaoeneza habari za jeshi la Rwanda na washirika wake. Mwezi huo huo waasi wa M23, miongoni mwa washirika hao, waliingia Goma. Mwandishi akabaki katikati.

Na mshahara? Katika redio nyingi za jamii ni mdogo au haupo. Wengi huishi kwa kupaji, bahasha anayotoa mwenye mkutano ili habari yake isomwe. Ni vigumu kumhoji sana aliyekulipia chakula cha leo.

Mashirika makubwa ya habari yanayotumia sauti na picha za watu hawa yana deni kwao. Yawalipe vizuri, yawakatie bima kama yanavyowakatia wageni, na mwandishi akitishiwa yamtoe hapo pamoja na mke na watoto.