Tuvijue Vilima vya Kwetu

Ndugu msomaji, umekwisha kupanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yako? Labda utanijibu: "Nimepanda mara nyingi, nikitafuta kuni, nikimfuata mbuzi aliyepotea, nikienda kutazama mizinga yangu." Vema. Lakini swali langu ni jingine. Je, umepanda hata kileleni, ukakaa juu ya jiwe, ukatazama pande zote nne, ukamwonyesha mwanao maji ya kijiji yatoka wapi na yaenda wapi?

Wewe ukaaye Busunzu, na wewe wa Kibondo na Kasulu, unayo nchi ya juu, yenye vilima na mabonde. Huko Uswisi na Austria, katika milima ya Alpi, jamaa nzima hutoka siku ya mapumziko, baba, mama na watoto, wakapanda milima kwa miguu au kwa baiskeli. Hawatafuti kuni wala mbuzi. Wataka kuijua nchi yao. Njia za milimani huko Uswisi zimetiwa alama ya rangi juu ya mawe, nyeupe, nyekundu na nyeupe, mgeni asipotee. Vilima vyetu havina theluji, lakini vina mengi ya kutufundisha.

Kwa nini maharage huchelewa kuiva?

Anza na jambo la jikoni. Mama aliyeolewa nchi ya juu kutoka Ujiji huenda akaona maharage yake yachelewa kuiva, akalaumu kuni. Kuni hazina kosa. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na mji wa Kibondo uko karibu mita 1500. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema kabla hayajapata moto wote. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100; kwa kila mita 300 za kupanda, toa nyuzi 1 hivi. Kwa hiyo maji ya Kibondo huchemka kwa nyuzi 95 tu, na maharage yataka muda zaidi. Juu ya Kilimanjaro, mita 5895, maji huchemka kwa nyuzi 80 hivi. Huko maharage yangekushinda kabisa. Hata baridi ya asubuhi yatoka hapo hapo: kila mita 1000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi.

Tone la mvua laenda wapi?

Sasa simama kileleni, utazame maji. Mto Malagarasi huanzia vilimani karibu na mpaka wa Burundi, wala si mbali na Ziwa Tanganyika. Ungedhani utateremka moja kwa moja ziwani. La! Huligeuzia ziwa kisogo, ukafuata mpaka kuelekea kaskazini-mashariki, kisha ukageuka kusini, ukaingia mabwawa makubwa pamoja na mto Moyowosi. Baadaye hurudi magharibi, ukapita Uvinza, na mwisho huingia ziwani kusini ya Ujiji. Safari hiyo yote ni kilomita 475 hivi. Mabwawa yale ni makubwa hata mwaka 2000 yakawa ya kwanza katika Tanzania kuandikwa katika mapatano ya mataifa ya kulinda ardhi yenye majimaji.

Toka Ziwa Tanganyika maji hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo, na mwisho Bahari ya Atlantiki. Lakini ukienda kaskazini hata Ngara, maji hushika njia nyingine: mto Ruvubu, mto Kagera, Ziwa Viktoria, mto Nile, na mwisho Bahari ya Mediteranea kule Misri. Mwaka 1937 Mjerumani mmoja, Burkhart Waldecker, alifuata mito hiyo hata akafika kwenye chemchemi ndogo huko Rutovu, Burundi, akasema: hapa ndipo chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Juu ya kilima pale ulijengwa mnara wa mawe mfano wa piramidi za Misri. Waona, msomaji? Chemchemi ndogo ya kilimani hunywesha mataifa.

Waliopanda kabla yetu

Kazi ya kupanda vilima katika mkoa wetu imekwisha kuleta elimu kwa ulimwengu mzima. Mwezi wa Julai 1960 binti mmoja Mwingereza, Jane Goodall, alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kutazama sokwe. Mwanzoni sokwe walimkimbia. Akachagua mahali palipoinuka, akawa anapanda huko asubuhi baada ya asubuhi, akakaa kimya na darubini yake. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, aliona sokwe akichomeka bua la majani ndani ya kichuguu, akalitoa limejaa mchwa, akala. Kabla ya hapo wataalamu wengi walifikiri binadamu peke yake ndiye atengenezaye vyombo vya kazi. Goodall alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91, na habari hiyo ya Gombe imo vitabuni duniani kote. Haikupatikana kwa mbio; ilipatikana kwa kupanda, kukaa na kungoja.

Wazee wetu pia walijua faida ya mahali pa juu. Heru Juu, katika Kasulu, palikuwa makao ya Mwami wa Heru, na Mwami Theresa Ntare ni mmoja wa waliotawala huko. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera ya Tanganyika huru juu ya Kilimanjaro.

Kwenda kwa miguu

Basi, ukitaka kupanda pamoja na jamaa yako, chagua siku ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Ondokeni saa 12 asubuhi. Mwambie jirani mwaenda kilima gani na mtarudi saa ngapi. Kila mtu mzima achukue maji lita 2. Viazi vilivyochemshwa, karanga na ndizi zatosha kwa chakula.

Mskoti mmoja, William Naismith, aliacha kanuni mwaka 1892 ambayo wapandaji wangali wakiitumia: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mkiwa na watoto, ongezeni tena nusu ya muda huo. Mwendo wa anayechoka upesi ndio mwendo wa wote. Mtoto asiachwe nyuma. Ikifika saa 6 mchana hamjafika kileleni, rudini. Kilima hakihami.

Vaa viatu, na upige majani kwa fimbo mbele yako, maana bafe hulala njiani wala hakimbii. Mtu akiumwa na nyoka, usimchanje, usinyonye damu, wala usimfunge kamba kwa nguvu. Mlaze, mtulize, ufungie mguu ule kipande cha mti usichezecheze, kisha abebwe upesi hata hospitali.

Kwenda kwa baiskeli

Baiskeli kwetu ni punda, ni gari, tena ni mkokoteni. Hubeba mkungu wa ndizi, gunia la mahindi, dumu la mawese, hata mgonjwa. Kupanda nayo mlima si hatari. Ukichoka utashuka na kuisukuma. Hata Waingereza wawili wa ukoo mmoja, Richard na Nicholas Crane, waliopeleka baiskeli mpaka kilele cha Kilimanjaro katika miaka ya 1980, sehemu kubwa ya njia walizibeba wenyewe. Kushuka ndiko kunakoua.

Vijana, nisikilizeni hapa. Baiskeli nyingi za vijijini hazina breki. Mwenyewe hukandamiza tairi kwa ndala yake. Njia tambarare, ndala yatosha. Mteremkoni na gunia nyuma, ndala huteleza, na kijana amekwisha. Hesabu yake ni hii: mwendo ukizidi mara 2, nafasi ya kusimama huzidi mara 4. Ikiwa kwa mwendo wa kawaida wasimama katika mita 5, kwa mwendo wa mara 2 utahitaji mita 20; na mita 20 mbele yako huenda yuko mtoto aliyebeba ndoo ya maji.

Kwa hiyo, kabla ya mteremko shuka, utazame. Mipira ya breki imekwisha? Waya umelegea? Mnyororo waruka? Tumia breki zote mbili pamoja, kwa kubana na kuachia. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafula, itakurusha juu ya usukani. Rimu ikiloa mvua breki hushika kidogo tu. Na mzigo ukiwa mzito, au mteremko ukiwa wa changarawe, ushuke kwa miguu ukiishika baiskeli. Anayeshuka kwa miguu si mwoga. Ndiye atakayekula chakula cha jioni na watoto wake. Wewe baba, bei ya breki ni ndogo kuliko bei ya jeneza. Mnunulie mwanao.

Radi

Kuanzia mvua za kwanza, Oktoba au Novemba, mpaka Aprili, adui wa vileleni ni radi, hasa alasiri. Ukiona umeme, hesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi i karibu: shuka kileleni mara moja. Usijikinge chini ya mti ulio peke yake. Weka mbali baiskeli na jembe. Wengi mkiwa pamoja, tawanyikeni; msishikane mikono. Nyumba nzuri au gari lililofungwa ndiyo kimbilio. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Tena, wako wasemao radi hutumwa na mtu, na baada ya msiba humtafuta bibi kizee wa kumlaumu. Radi haina mtumaji kijijini. Ni umeme uliokusanyika mawinguni, nao hutafuta njia fupi ya kufika chini. Kwa sababu hiyo hupiga kilele, mti mrefu na mtu asimamaye wazi. Ungempiga bibi yule, na mwakani radi ingepiga kilima kile kile. Kumlaumu ni kuongeza msiba wa pili juu ya wa kwanza.

Mkirudi nyumbani

Aliyekaa kileleni huona yasiyoonekana bondeni. Ataona moshi wa moto uliowashwa ovyo, na upande uliobaki majivu. Ataona shamba jipya lililokatwa mpaka mdomoni mwa chemchemi. Kumbuka, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za kuharibu ukingo wa mto au bwawa ndani ya mita 60. Lakini kabla ya sheria iko akili: miti na majani ya kilimani hushika mvua ikazama polepole ardhini, ndiyo maana chemchemi hutoa maji hata Septemba. Kilima kikichomwa kila mwaka, mvua hukimbia juu ya ardhi siku ile ile ikichukua udongo, na wakati wa kiangazi mama na binti hutembea mbali zaidi na ndoo zao.

Hivyo, kiangazi kijacho, chagueni Jumamosi moja. Waende wazee wawili wanaojua majina ya vilima na mikondo ya maji, na vijana pamoja nao. Vijana waandike majina hayo daftarini, wahesabu chemchemi zilizo hai na zilizokauka, na watie chokaa juu ya mawe ya njia, mgeni na mtoto wasipotee. Daftari lile lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Mzee akifa kabla hajaulizwa, majina huenda naye. Nayo chemchemi isiyo na jina ni vigumu kuitetea.